Anayeleta Ale Kwanza

Nilitoka mara moja tu, kwenda kununua limau.

Duka liko pale kona. Hata viatu sikubadilisha. Nilikwenda na malapa ya bafuni na aproni yangu yenye madoa, kama mtu anayekimbizwa. Jua lilikuwa linazama, watu wanafunga biashara zao, na kuku wa jirani wanagombania pa kulala. Nilimwacha mdogo wangu jikoni.

"Angalia moto," nilimwambia. "Na mtu asikushike maneno hapo mlangoni."

Akacheka. "Nenda bwana, dada. Unaniona mtoto wa chekechea?"

Ningejua, ningepika bila limau.

Sisi wawili tulikuwa wapika jamu. Jamu ya maua. Kazi tuliachiwa na mama, pamoja na nyumba na madeni ya shukrani kwa majirani. Msimu wa mawaridi ukifika, nyumba nzima inanukia mpaka kwenye mito ya kulalia. Unachambua maua, unayakung'uta juu ya kitambaa cheupe wadudu watoke, unakata ile sehemu nyeupe ya chini ya petali maana ina uchungu, unasugua na sukari mpaka yalegee. Halafu kwenye sufuria, na maji, na fungu la mrehani lililofungwa uzi. Hapo ndipo mpishi mgeni hulia, kwa sababu mawaridi yakichemka yanapauka. Rangi yote inakimbia. Unabaki na kitu kama karatasi iliyolowa. Basi unakamua limau... na rangi inarudi yote kwa mpigo, nyekundu, mpaka unapiga kelele. Mama aliyapika miaka nenda miaka rudi, na bado kila mara rangi ikirudi alisema, "Haya, karibu tena."

Sufuria lenyewe tulilirithi. Tulikuwa tunaliita Shangazi, kwa sababu lina makalio mapana na halikai jikoni bila kupiga kelele. Mpini wake mmoja unacheza tangu sijazaliwa. Jina hilo lilikuwa la mle ndani tu. Nje hakuna aliyelijua.

Bustani yetu haitoshi, kwa hiyo majirani walituletea maua ya kwao, nasi jamu ikiiva tuliwapa chupa. Hapo ndipo palipokuwa na sheria ya mama. Anayeleta ale kwanza. Yaani aliyekuja na kapu achukue petali moja, aitafune, aimeze, mbele yako. Mama alisema ni kwa ajili ya dawa ya wadudu. Kuna watu wanapulizia sumu maua yao halafu wanakuletea na tabasamu. Anayejua amepulizia hawezi kula. Akila, pokea.

Inaingia akilini, au vipi? Nasi tuliamini hivyo.

Ila kulikuwa na jingine. Msimu wa mawaridi, jua likianza tu kuzama, mama alifunga mlango wa jikoni kwa komeo. Kisha anakaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza mlangoni, mikono magotini, hasemi. Tukimuuliza anasema amechoka. Wakati mwingine machozi yanamtoka. Tukadhani ni moshi.

Jioni ile nilirudi na limau zangu. Nilipofika kwenye geti, nikasikia harufu.

Waridi. Lakini waridi kali, la kuingia mpaka kooni. Na chini yake... udongo. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi, wenye unyevu.

Kwenye ngazi ya mlango wa jikoni alikuwa amekaa kikongwe. Kapu miguuni, limefunikwa kitambaa kilicholowa. Sijui nikueleze vipi yule mtu alivyokuwa. Hakuwa na rangi. Ngozi, macho, nguo, vyote vimepauka kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba msimu mzima. Mdomo umeingia ndani, hana hata jino moja.

Na mdogo wangu alikuwa anatafuna.

"Unakula nini?" nikamuuliza.

"Petali. Bibi wa watu hana meno, dada. Ningemlazimishaje? Nikamwonjea mimi."

"Wewe! Sheria inasema anayeleta!"

"Sheria ni ya sumu. Mimi nimekula, sijafa, basi hakuna sumu." Akanikonyeza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ndivyo alivyo. Ana huruma mpaka inakera. Paka wa mtaa mzima walikuwa wanamjua. Alikuwa na mchumba, fundi seremala, ambaye alimkubali kwa sababu siku ya kwanza alimkuta amejipiga nyundo kidole na anajikaza asilie. Nikamwambia siku ile ile, huruma yako itakuja kukutia shimoni. Kucheka tu.

Kikongwe alikuwa analia. Bila sauti.

"Amekula kwa hiari yake," alinong'ona. "Wewe ni shahidi. Sikumlazimisha."

Kisha akainuka. Hakushika ukuta, hakushika mlango. Aliinuka kama msichana. Akajipapasa miguu, pole pole, akishangaa.

"Magoti," akasema. "Hayaumi tena."

Alipofika kwenye geti aligeuka.

"Shangazi... mpini wake bado unacheza?"

Akaenda zake.

Nilisimama pale na limau zangu. Nikamgeukia mdogo wangu. "Umemwambia jina la sufuria?"

"Sijamwambia kitu," akasema. Na safari hii hakucheka.

Nililichukua lile kapu nikalimwaga jalalani, nyuma ya nyumba, maua yote na kapu lenyewe nikalitupa juu yake. Nikanawa mikono kwenye bomba la nje. Nikaingia jikoni.

Kapu lilikuwa juu ya meza.

Limejaa.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yake, mikono imezama kwenye sukari, anasugua mawaridi. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamshika bega. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, akasema, "Ngoja tuyapike, dada. Yataharibika bure."

Tukayapika. Mtu ataniuliza kwa nini. Nilimshika mikono mara mbili, na kila nikimwachia anarudi kwenye maua kama maji yanavyorudi bondeni. Nikaona afadhali niwe karibu yake.

Maji yalichemka. Nikangojea petali zipauke.

Hazikupauka.

Zilizidi kuwa nyekundu. Povu lilikuwa jekundu. Mvuke ulipanda na ile harufu ya udongo ikatanda jikoni pote. Nilitazama mkono wa mdogo wangu uliokuwa unakoroga, na nikaona kucha zake ni nyeupe. Halafu vidole. Halafu kiganja. Weupe ulikuwa unapanda mkononi kwake taratibu, na kila mwiko ukizunguka, sufuria linazidi kuiva rangi.

"Acha," nikamwambia. "Weka mwiko chini!"

"Nimechoka tu," akanong'ona.

Nilikata limau zote nikazikamua sufuriani. Zote. Nikazikamua mpaka mbegu zikaingia. Nilikuwa nasema kama mama, "Haya, karibu tena, karibu tena," kama mwendawazimu. Sufuria halikubadilika. Mdogo wangu hakubadilika.

Tukajaza chupa, tukafunga vifuniko. Kila mpika jamu anaijua ile sauti, chupa ikipoa kifuniko kinavutwa ndani, kinalia. Tak. Ni sauti tuliyoipenda, maana yake kazi imeshika. Jioni ile tulikaa tunasikiliza.

Tak.

Mdogo wangu akashika kiuno.

Tak.

Akashika goti.

Tak... tak.

"Dada," akasema, "mbona magoti yananiuma hivi?"

Asubuhi Fundi alipita kama kawaida yake kabla ya kwenda kwenye karakana. Mdogo wangu alikuwa amekaa uani, shuka mabegani, mimi namtengenezea uji. Fundi aliingia akipiga mluzi. Akafika mbele yake. Akainama kidogo, kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

Akanigeukia mimi. "Shemeji, mna mgeni? Mwenzangu yuko wapi?"

Nilidhani anatania. Ningempiga na mwiko. Lakini nilimtazama usoni, hakuwa anatania. Na mdogo wangu alinyoosha mkono uliopauka, akataka kusema kitu. Kisha akajibu taratibu, kwa sababu mtu akikuamkia lazima uitikie.

"Marahaba... mwanangu."

Mimi nilimjua. Labda ni kwa sababu usiku kucha sikuacha kumtazama. Nilimpeleka hospitali. Daktari akampima damu, akampima moyo, akaniita pembeni na sauti ya huruma. "Mama yako hana ugonjwa. Ni uzee tu." Mama yangu! Mtu niliyemfunga nepi mimi mwenyewe, niliyemfundisha kutembea kwenye ukumbi wa nyumbani kwetu! Nilitoka pale nalia barabarani na sikumjali mtu.

Fundi alimtafuta mji mzima. Alikuja kila jioni kuniuliza, na kila jioni alimwamkia. Ikafika mahali mdogo wangu akisikia mluzi wake anaomba nimwingize ndani.

Kisha yule mwanamke alirudi. Jua linazama, kama mara ya kwanza.

Nilisikia hodi nikafungua. Mbele yangu alisimama mama.

Paji la uso la mama. Mwanya wa mama. Mashavu yenye damu. Lakini mama tulimzika, nilimwosha kwa mikono yangu. Nikatazama vizuri. Huyu alikuwa mrefu zaidi, na macho yalikuwa ya yule kikongwe.

"Wewe ni nani?"

"Hakuwaambia?" Sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Mimi mkubwa. Yeye mdogo wangu."

Mama mkubwa. Maisha yangu yote sikuwahi kusikia kwamba mama alikuwa na dada.

"Kila msimu nilikaa kwenye ngazi hii," akasema. "Namsikia ndani anapumua, mgongo wake uko hapa, wangu uko huku, katikati mbao. Anajua ni mimi. Hakunifungulia hata siku moja."

"Alifanya vizuri!"

"Ndiyo," akasema. "Alifanya vizuri."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana, na hapo nikakosa pa kushika. Nikamtukana. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua na mengine nikayatunga hapo hapo. Alisimama akayapokea. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Miguu haikuwa yangu. Kapu linakupeleka kwenye mlango unaoupenda. Wa mtu baki halikupeleki. Nilikuja kwa mdogo wangu, sikujua ameshakufa. Akanifungulia huyu mtoto na uso wake ule."

"Ungekula mwenyewe! Anayeleta ale kwanza. Si ndiyo sheria?"

"Anayeleta akila lake na akalimeza, kapu linakwisha. Na yeye anakwisha nalo." Aliinua mkono, akausimamisha karibu na kidevu. "Nilijaribu. Ulikuwa unafika hapa... kisha unashuka. Niliogopa, mwanangu. Kufa si mchezo."

"Wewe ulipewa na nani?"

Alitikisa kichwa. "Niliyempenda."

"Litamtokaje mdogo wangu?"

"Mwingine ale. Kwa hiari yake, bila kusukumwa." Alitazama ndani, alipokaa mdogo wangu, akafunika mdomo. Akaondoka bila kuaga na sijamwona tena. Kwenye ngazi aliacha alama za miguu za maji na udongo. Nilipiga deki, nikapiga tena.

Jioni iliyofuata kapu lilikuwa miguuni kwa mdogo wangu. Limejaa, limefunikwa, linadondosha maji.

"Nifungie, dada," akasema. "Miguu inataka kutoka."

Nilimfungia chumbani kwa ufunguo. Dirishani nikaweka kabati. Nikafunga mlango wa jikoni kwa komeo, nikavuta kigoda cha mama, nikakaa, mgongo mlangoni. Nikajiona nimekaa vile vile alivyokaa. Mikono magotini vile vile.

Jua likazama.

Harufu ikaja.

Kisha, nyuma ya mgongo wangu, kwa nje... ngo. Ngo. Ngo.

"Dada."

Niliuma mkono.

"Dada... usinifungulie."

Alikuwa analia kama alivyokuwa analia utotoni, kwa kwikwi, akijitahidi nisisikie. Nilisikia anakaa kwenye ngazi. Nilisikia mgongo wake ukiegemea mbao.

"Usinifungulie," akanong'ona. "Lakini usiondoke hapo."

Mama aliweza. Msimu baada ya msimu, aliweza. Sasa najua yale machozi hayakuwa ya moshi, na najua alifanya vile ili sisi tupone. Mimi si mama. Mimi nina mdomo mkali na moyo wa siagi, na watu hawalijui hilo la pili. Nikavuta komeo.

Alipoona mlango unafunguka alianza kukokota kapu nyuma, anatikisa kichwa, "Hapana, dada, hapana..." Nilimtia mkono mmoja shingoni, nikamkumbatia. Mkono wa pili niliingiza chini ya kitambaa.

Petali ilikuwa baridi. Ilikuwa tamu kwanza. Baadaye ikawa udongo.

Nikameza.

Aliinuka kutoka kwenye ngazi bila kushika kitu. Mimi nikakaa. Magoti yalikuwa yameanza.

Sikumwacha apike. Nililikumbatia kapu nikatoka nalo kabla mikono yangu haijaanza kutafuta sukari, nikalala nje, nyuma ya ukuta wa uani. Kulipokucha nilikuwa nimeshapauka, hata bila moto. Nikasikia mlango unafunguka kwa kishindo.

"Dada! Dadaaa!"

Alitoka mbio, mashavu yamejaa damu, nywele zimesimama, mzuri mpaka nikacheka. Alipiga kona ya ukuta akanikuta uso kwa uso. Akasimama ghafla. Akainama kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Samahani... hujamwona dada yangu? Ametoka na aproni."

Nilikuwa nimeivaa hiyo aproni.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Sijamwona."

Msimu ulikuwa mwishoni. Kapu lilikauka, likakaa jepesi kama kapu jingine lolote, nikadhani limekufa. Nililala nilipolala, nilikula nilichopewa. Nilikuwa nazunguka mbali na mtaa wetu, lakini habari nilizipata. Kwamba dada mtu alitoroka bila kuaga, wengine wakasema na mwanamume. Mimi! Kwamba Fundi alilia kwa furaha barabarani mwenzake aliporudi, na mdogo wangu mwenyewe hakumbuki alikuwa wapi. Kwamba wameoana. Kwamba Shangazi bado anapika.

Juzi mawaridi yalifunguka, na kapu limejaa.

Miguu si yangu tena. Lakini njiani niliamua jambo moja, na hilo ni langu. Miguu inipeleke. Nikifika, nitafuata sheria ya mama. Nitakula petali yangu mbele yake na nitaimeza, kapu liishe, nami niishe nalo, na mlango ule upumzike milele. Kufa nitakufa tu. Ila nimwone kwanza.

Ndiyo nimefika jioni hii. Nimekaa kwenye ngazi. Ndani vifuniko vinalia, tak, tak, na mtu anaimba kwa pua. Nikapiga hodi.

Amefungua. Tumbo limeshatangulia mbele, miezi yake imekaribia. Unga mashavuni, mwiko mkononi.

"Shikamoo, bibi. Karibu. Oo, maua gani haya mazuri hivi!"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea."

Nikamwona anasita. Akajifuta mikono kwenye nguo.

"Bibi, usinielewe vibaya. Nyumba hii ina sheria. Dada yangu alikuwa mkali sana kwa hilo, mpaka tuligombana naye siku za mwisho." Akanitazama usoni. "Anayeleta ale kwanza. Nimeapa siivunji tena."

Jamani, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasikia joto kifuani. Amejifunza! Mkaidi yule, amejifunza! Nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikatoa petali, nikaitia mdomoni mbele ya macho yake.

Akatabasamu. "Ahsante, bibi."

Nameza sasa, nikajiambia.

Sikumeza.

Nilitaka. Naapa nilitaka. Lakini alikuwa amesimama pale, na tumbo lake, na kijikovu chake cha nyusini alichokipata alipoanguka nikiwa nimembeba, nikasema ngoja nimtazame kidogo tu. Kidogo tu. Petali ikakaa chini ya ulimi. Mama mkubwa alisema kweli, kufa si mchezo.

"Imekukwama," akasema. "Ngoja nikuletee maji ya kushushia."

Akainama, akabeba kapu.

"Liache!" nikasema, lakini kwa mdomo ule wenye petali, nikasikika kama mtu anayekohoa.

"Nalitoa kwenye umande tu, bibi. Nisubiri."

Mlango umebaki wazi. Nimeshika ukuta ili niinuke, magoti yanawaka moto, siinuki. Nasikia bomba linafunguliwa. Nasikia kikombe kinatolewa kwenye msumari, na mlio ule naujua, ni kikombe changu, cha bati, chenye pengo ukingoni. Hakukitupa. Nasikia maji yanajaa.

Meza. Meza sasa, wewe mwanamke, meza!

Bomba limefungwa.

Kisha nasikia kitu kingine. Kidogo sana. Cha mtu anayetafuna.

"Bibi!" anaita kutoka ndani, kwa furaha. "Mbona hukuniambia ni matamu hivi? Nikaona wewe umekula, basi hayana sumu, nikadokoa moja!"

Anatoka na kikombe changu, ameshika kiuno. Ananipa. Kwenye mdomo wake wa chini, pale petali ilipopita, pamebaki alama nyeupe, ndogo kama punje ya mchele.

"Kunywa, bibi. Mbona unalia?"

Nimesimama. Nimesimama wima mbele yake, kikombe mkononi, na sikushika ukuta.

Magoti yangu hayaumi tena.